Unguja–Pemba kwa ndege: kwenda dakika 25, kurudi 34. Kwa nini?

#1 MwanaWete
Assalaam aleikum wakuu.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Mwezi wa saba nilipanda ndege ndogo, zile Caravan za abiria kumi na wawili hivi, kutoka Unguja kwenda Pemba. Nina tabia ya kutazama saa. Magurudumu yaliachana na lami saa 4:12 asubuhi, tukagusa chini Wawi saa 4:37. Dakika 25. Baada ya siku nne nikarudi, ndege ya aina ile ile, anga safi, hakuna hata wingu la kulikwepa. Dakika 34.

Nikaingia mtandaoni kutafuta umbali. Mahali pamoja wameandika 68, pengine 78, pengine 125. Tiketi yenyewe inasema nusu saa kwenda na nusu saa kurudi.

Mama yangu anahudhuria kliniki Unguja kila baada ya miezi mitatu. Akikaa kitako muda mrefu miguu inamvimba, na vile vidonge vya kupunguza maji mwilini vinamfanya ahitaji msalani kila mara. Ndani ya Caravan hakuna choo. Kwa hiyo dakika tisa kwangu ni hesabu ya kweli. Umbali halisi ni upi, na hizi dakika zinapotelea wapi?

#2 Chumvini
Waaleikum salaam. Dakika tisa ndugu yangu? Wengine humu tumeondoka bandari ya Malindi, Unguja, usiku tukaamkia Mkoani, Pemba, mgongo umeshika alama za mbao. Mama mpe pole.

#3 DiraNaRamani
Namba zako zote tatu ni sahihi, ila kila mmoja amepima kwa rula yake. Kilomita ni 125. Maili za nchi kavu ni 78. Maili za baharini, ambazo ndizo marubani na manahodha wanazotumia, ni 67 na kitu, wengine wanaandika 68. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, ya nchi kavu ni mita 1,609. Zidisha mwenyewe utaona zote zinafika pale pale.

Kiwanja cha Unguja kiko nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya ikweta, cha Pemba nyuzi 5 na dakika 15. Kwa hiyo unapanda kaskazini karibu dakika 58 za ramani, na unasogea mashariki dakika 35. Mstari wake unaelekea kaskazini ukiegemea mashariki. Huo ndio umbali wa kiwanja hadi kiwanja, na haubadiliki ukienda wala ukirudi.

#4 Kijana wa Amani
#3 hapo sikubaliani. Skuli tulifundishwa Unguja na Pemba zimeachana kilomita 50. Leo zimekuwa 125? Visiwa vimesogea?

#5 DiraNaRamani
Mwalimu wako hakukosea. Hizo 50 ni za maji, kutoka ncha ya Nungwi hadi visiwa vya kusini ya Pemba, kule Panza. Lakini ndege hairuki kutoka Nungwi. Kiwanja cha Unguja kiko kusini ya mji, Kisauni, na kile cha Pemba kiko Wawi, mashariki kidogo ya Chake. Kwa hiyo unabeba kipande cha Unguja, unabeba bahari, halafu unabeba nusu ya kusini ya Pemba.

Ukikaa dirishani utaona mwenyewe. Ukishaacha mji unapita juu ya minazi na mashamba, unaiaga nchi kavu upande wa Kiwengwa na Pwani Mchangani. Kushoto kwako Mnemba, kisiwa kidogo na duara la matumbawe limekizunguka, maji ya kijani mepesi. Baada ya hapo buluu inakuwa nzito, na ndipo watu wanapoacha kuzungumza. Halafu ghafla chini kuna mikoko na vijito vimejikata kata, hiyo ndiyo Pemba. Nilipopima kwenye ramani, bahari tupu ni kama nusu ya safari tu.

#6 Kijana wa Amani
Hapo nimeelewa. Ahsante mkuu, nafuta #4.

#7 Mzee wa Hoja
Jibu ni rahisi. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Pemba iko mashariki ya Unguja. Kwa hiyo safari moja unaikimbiza ardhi na nyingine ardhi inakujia. Ndiyo maana dakika zinatofautiana.

#8 Bi Sayansi
Mzee wa Hoja, salamu kwa heshima, lakini hapana. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Ukirusha chungwa juu ndani ya gari linalokwenda, linarudi mkononi, halibaki nyuma Mwanakwerekwe. Tena kwa hesabu yako, anayekwenda Pemba angekuwa anaikimbiza nchi inayomkimbia, basi yeye ndiye angechelewa. MwanaWete kachelewa wakati wa kurudi.

#9 Mzee wa Hoja
Chungwa nimelielewa. Basi ni nini?

#10 Nahodha Mkavu
Ni upepo, na nashangaa tumefika #9 hakuna aliyeutaja. Mwezi wa saba ni kusi. Kusi linasukuma kutoka kusini, ndege inayokwenda Pemba linaisukuma mgongoni, ndege inayorudi linaipiga usoni. Babu zetu walikuwa wanalisubiri ndipo waanze safari ya kaskazini, na rubani naye yumo kwenye hewa ile ile.

Tuchukue Caravan inakwenda maili 160 za baharini kwa saa. Upepo tuseme 20. Kwenda inakuwa 180, maili 68 zinakwisha kwa chini kidogo ya dakika 23. Kurudi inakuwa 140, zinakwisha kwa dakika 29. Tofauti dakika sita na kitu. Panda Januari, kaskazi likivuma, hesabu inageuka: kwenda Pemba ndiko kutakuwa kuzito.

#11 MwanaWete
Nahodha, hesabu yako nzuri na nimeipenda. Ila mimi tofauti yangu ni tisa. Tatu zimebaki wapi?

#12 Vesti ya Njano
Nimefanya kazi ya kupakia mizigo kiwanjani miaka kadhaa, naomba niongeze jambo ambalo abiria wengi hawalioni.

Ndege inapaa na kutua ikiuelekea upepo. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini–kusini, imenyooka kama rula, urefu zaidi ya kilomita 3. Wakati wa kusi ndege inapaa ikielekea kusini. Yaani wewe unakwenda Pemba, kaskazini, lakini unaanza safari kwa kuipa Pemba mgongo. Inabidi upande, ugeuke, ndipo ushike njia. Dakika mbili au tatu hizo. Na Wawi njia imelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi rubani anataka kutua akitazama kusini, kwa hiyo anakipita kiwanja, anazunguka, ndipo anarudi kutua. Nyingine mbili tatu.

Msimu wa kaskazi unapaa Unguja moja kwa moja pua imeelekea kaskazini, na Wawi unaingia umenyooka.

#13 Nahodha Mkavu
Ahsante kwa elimu. Lakini ukiisoma vizuri hoja yako inampinga MwanaWete, haimsaidii. Yeye alisafiri wakati wa kusi. Kwa maelezo yako, kwenda ndiko alikopaswa kupoteza dakika kwa kuzunguka, na kurudi alipaswa kupaa Wawi akitazama Unguja na kutua Unguja akitokea kaskazini bila mzunguko wowote. Mbona mambo yamekuwa kinyume?

#14 Vesti ya Njano
Kweli, nimeliona. Nasema nilichokiona kwa macho, jibu la siku ile sinalo. Inawezekana upepo wa asubuhi ulikuwa hafifu na mnara wa kuongozea ndege ukaamua vingine.

#15 Tausi wa Vuga
Mimi naona mnatafuta mbali. Unguja ina foleni. Mwezi wa saba na wa nane Wazungu wanamiminika, ndege kubwa za kutoka Ulaya, za Ghuba, za Addis, zote zinataka njia moja ile ile. Caravan yenye watu kumi na wawili inaambiwa isubiri. Mara mbili nimewahi kuzungushwa juu ya bahari nikiiona Mji Mkongwe upande huu, kisha upande ule, kisha upande huu tena. Pemba hakuna foleni. Ukifika umefika. Ndiyo maana kurudi ni kurefu, upepo uwe wa kusi au wa kaskazi.

Na hili linaweza kupimwa: Januari nilikwenda kwa dakika 27 na kurudi kwa 30. Kwa hesabu ya #10 ilitakiwa kurudi kuwe kwepesi.

#16 Nahodha Mkavu
Siku moja ya Januari si kaskazi. Ulitazama bendera ya upepo pale kiwanjani?

#17 Tausi wa Vuga
Nilikuwa na mtoto mchanga mapajani, Nahodha. Bendera sikuitazama.

#18 Salma K.
Wakati mnahesabu dakika, nitoe tahadhari ya saa nzima nzima. Ami yangu, mtu wa Micheweni, alikatiwa tiketi imeandikwa 10:00. Akaisoma saa kumi. Akatoka nyumbani baada ya adhuhuri, amevaa kanzu yake nzuri, mfuko wa karafuu kwa ajili ya wajukuu. Kufika Wawi anaambiwa ndege imeondoka saa nne asubuhi. Mzee wa watu alikaa kwenye kibao pale nje, tiketi mkononi, akiitazama ile sifuri sifuri. Mkimkatia mzazi tiketi, chukueni kalamu muandike kwa mkono juu yake: SAA NNE ASUBUHI.

#19 MwanaWete
#18 hili nalichukua kama lilivyo. Ahsante dada.

#20 Kijana wa Amani
Kwani hii ndiyo safari fupi kuliko zote ya kisiwa kwa kisiwa? Dakika 25 mbona kama hakuna kitu.

#21 DiraNaRamani
Wapi! Scotland, visiwa vya Orkney, kuna safari ya Westray kwenda Papa Westray. Umbali kilomita 2.7. Ratiba inasema dakika mbili, na iliyowahi kuwa ya haraka kuliko zote ilichukua sekunde 53. Wanatumia Islander, ndege ndogo ya injini mbili.

#22 Chumvini
Sekunde 53! Hapo hata shahada yake msafiri haimalizi kuitamka.

#23 Mngazidja wa Malindi
Sisi upande wa asili yetu, Moroni hadi Ouani kule Anjouan, umbali haupishani sana na wenu, kama kilomita 140 na ushei. Lakini pale katikati kuna milima. Ukipaa Moroni una Karthala pembeni, zaidi ya mita 2,300, na mawingu yake hayaishi. Rubani hawezi kuchora mstari tu kwenye ramani akaufuata. Unguja na Pemba hazina mlima, kwa hiyo kisingizio hicho mkitoe kwenye orodha.

#24 Bi Sayansi
Vizuri, hilo tumelitoa. Mimi naongeza uzito. Caravan ikijaa inapanda polepole, ikiwa nyepesi inafika juu haraka. Ndiyo maana mnapimwa mizani nyinyi pamoja na mabegi, na ndiyo maana ya zile kilo 15. MwanaWete, siku ya kurudi ndege ilijaa?

#25 MwanaWete
Ilijaa pomoni. Nyuma kulikuwa na maboksi ya pweza, harufu ilitufikia. Kwenda tulikuwa saba.

#26 Nahodha Mkavu
Uzito utakula dakika moja, sidhani tatu.

#27 Bi Sayansi
Umeipima?

#28 Nahodha Mkavu
Sijaipima. Nakisia.

#29 Mama Rukia
Wanangu, mimi nimemuuguza mama mkwe miaka minne kwa safari hizi hizi, naomba mnisikilize. Mnahesabu kutoka tairi kuacha lami hadi tairi kugusa lami. Mgonjwa haanzi safari kwenye lami.

Mimi nilikuwa naanza kuhesabu pale ninapomvalisha viatu. Wete hadi Wawi, ukipanda daladala ya 606 hadi Chake halafu utafute gari nyingine, weka saa moja na nusu kwa usalama. Ukikodi teksi ni kama dakika 50. Kiwanjani wanataka uwepo saa nzima kabla. Ndege nusu saa. Kushuka, mkoba, kutoka nje, weka dakika 20. Kisauni hadi hospitali ya Mnazi Mmoja si mbali lakini gari za mjini mnazijua. Jumla yake ni saa tatu na zaidi, na ndege yenyewe humo ndani ni nusu saa tu.

Choo cha kiwanjani Wawi mpeleke wakati wanaanza kuita majina, usimpeleke mapema. Akitoka pale aende moja kwa moja kwenye ndege. Na kiti muombe mhudumu amuweke mlango ulipo, aishuke ngazi kwanza akiwa bado ana nguvu ya kushika. Ngazi ya Caravan ni nyembamba, mimi nilikuwa natangulia kushuka kinyumenyume, naye ananishika mabega.

#30 MwanaWete
Mama Rukia, Mwenyezi Mungu akulipe. Hili la kushuka kinyumenyume sikuwahi kulifikiria.

#31 Chumvini
Basi boti ya kasi je? Saa mbili na nusu hivi, choo kipo, mgonjwa anaweza kunyoosha miguu. Tofauti na jumla ya #29 iko wapi?

#32 DiraNaRamani
Tena wengi hudhani boti inazunguka sana. Nimepima: kutoka Malindi, unapanda ukiiacha Tumbatu kulia, unakata kwenda Mkoani, ni kama maili 60 za baharini. Haizidi njia ya ndege, kwa sababu Mkoani iko kusini. Boti ya maili 30 kwa saa inamaliza kwa saa mbili, meli ya maili 10 kwa saa sita. Ila yeye ni mtu wa Wete. Ikiwa boti ya siku hiyo inafunga Mkoani, ana kipande cha kuikata kama nusu ya Pemba kwa gari.

#33 Salma K.
Na mkondo wa Nungwi mnausahau. Wakati wa kusi ule mkondo unamtapisha hata mtu mzima mwenye afya, seuze mgonjwa. Nyumbani kwetu tangu msiba wa kuzama meli wa Septemba 2011 bibi hajapanda chombo cha baharini. Mtaa wetu tulikosa watu wa nyumba tatu. Akitaka kwenda Unguja anasubiri mpaka nauli ya ndege ipatikane, hata ikichukua miezi. Kwake umbali ni huo.

#34 Chumvini
Mwenyezi Mungu awarehemu. Hoja yangu ya boti naiacha hapo.

#35 MwanaWete
Wakuu, nimerudi baada ya wiki kadhaa. Nimempeleka mama wiki iliyopita, Novemba hii. Nilichagua kwa makusudi wakati wa maleleji, kusi limekwisha na kaskazi halijaanza, bendera ya Wawi ilikuwa imelala kwenye mlingoti. Nilisema upepo ukitoka kwenye hesabu, tutaona kinachobaki.

Pemba kwenda Unguja: dakika 31. Unguja kurudi Pemba: dakika 27. Ndege haikujaa safari zote mbili.

Kwa hiyo Nahodha, upepo haukuwepo na bado kwenda Unguja kumekuwa kurefu kwa dakika nne. Tausi, foleni sikuiona, hatukuzungushwa. Ila kuna jambo. Mama alikaa dirisha la kushoto. Tulipokaribia kutua akanigusa mkono akaniuliza ule mnara kwenye kile kisiwa ni wa nini. Ulikuwa mnara wa taa wa Chumbe.

Na nilishuka kinyumenyume. Alinishika mabega.

#36 Vesti ya Njano
Chumbe kushoto, nayo iko kusini-magharibi ya kiwanja! Basi mlitua mkitokea kusini. Mlishuka na upande wa mashariki wa kisiwa, mkakipita kiwanja, mkageuka, mkaingia mkitazama kaskazini. Hapo ndipo dakika zako nne zilipo.

#37 Tausi wa Vuga
Lakini kwa nini watue wakitokea kusini kama upepo haukuwepo? Walikuwa wanatokea kaskazini, wangeingia moja kwa moja. Kuna ndege iliyokuwa inatumia njia kwa upande huo, nao wakaambiwa waifuate. Hiyo ni foleni, hata kama hukuzungushwa.

#38 Nahodha Mkavu
Au juu kulikuwa na upepo ambao chini haupo. Bendera ya Wawi inakwambia habari za Wawi, haikwambii habari za juu ya bahari.

#39 Vesti ya Njano
MwanaWete, jambo moja litatusaidia. Ile ya mwezi wa saba, dakika 34, mlitua mkitokea upande gani? Mliiona Chumbe?

#40 MwanaWete
Siku ile nilikuwa natazama saa, dirishani sikutazama kabisa. Kliniki nyingine ni Februari, kaskazi litakuwa linavuma. Mama ameshasema dirisha la kushoto ni lake.